Vidonge 42 na Boyfriend Mmoja

Mabeshte, leo tunaongea kuhusu uke. Maboi msiende mahali, hii inawahusu sana.

Mwaka jana nilinunua metronidazoli mara tatu, duka la dawa lile lile la mtaani. Nanong'ona "kuna harufu," naambiwa meza mbili kwa siku, siku saba, nalipa, naenda. Hakuna aliyenipima. Ingekuwa fangasi je? Antibiotiki haitibu fangasi, na inaweza hata kuwaamsha. Mara ya tatu jamaa wa kaunta akaniongezea ushauri wa bure: "Dada, uwe unaosha vizuri ndani."

Manze! Kuosha ndani ndiyo inaharibu. Huko kunaishi bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi inayozuia wengine kujaa. BV si uchafu. Ni hao walinzi wamepungua. Na si harufu tu, inaongeza hatari ya kupata HIV.

Sikatai, dawa inafanya kazi. Lakini kuua wabaya si kurudisha wazuri. Utafiti wa Australia wa 2006 ulionyesha kwamba kwa zaidi ya nusu ya waliotibiwa, BV ilirudi ndani ya miezi 12. So si ati mimi ndio mchafu.

"Si ukule yogati?" Bakteria wa yogati ni wa maziwa. Marekani walijaribu krispatasi, laktobasili wa ukeni kabisa, akawekwa huko huko baada ya dawa. Matokeo ya 2020: ndani ya wiki 12 BV ilirudi kwa asilimia 30, badala ya 45. Afadhali, lakini hiyo haiuzwi kwa friji ya supamaketi. Mwenye anakuuzia vidonge vya "kubalansi pH" huko TikTok, muulize ni bakteria gani na wamejaribiwa kwa nani.

Sasa maboi. 2025, Australia tena, walitibu wanaume pia: vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, siku saba. BV ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake. Mwanamke akitibiwa peke yake? 63. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi hivyo.

Nimemtumia boyfriend wangu hizo namba, nikamwambia twende kliniki wote wawili. Amesema yeye hasikii kitu, lakini atafikiria.

Mimi nimemeza vidonge 42. Yeye anafikiria.