Kabla Ununue Kioo, Pima
Wasee, Julai huku Limuru kioo changu cha nyuma kilijaa mvuke, nikirivasi karibu nigonge mtoto. Fundi akaniambia ninunue kioo kizima. Zii! Mimi naona fundi asiyepima anakisia na pesa yako.

Fyuzi ilikuwa poa. Nikawasha swichi, nikashika mita, nikafuata zile laini nyembamba za kuchoma mvuke. Volti zinafaa kushuka pole pole kutoka 12 hadi 0. Zikiruka ghafla, hapo pamekatika. Zangu tatu zilikatwa na wembe wa kubandua tinti, na ni mimi niliushika. Nikapaka rangi ya fedha inayopitisha stima, nikaiacha ikauke usiku kucha. Asubuhi nikaona mpaka lango la jirani.