Simu Iliyonaswa, Washtakiwa Watatu: Sheria Inavyopima Neno la Mmoja Dhidi ya Mwenzake

Tangu Julai 1, 2025, mahakama nchini zinatumia Toleo la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu la Mwaka 2023, lililozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma Aprili 23 mwaka huo. Katika toleo hilo vifungu vingi vimebadilika namba, vikiwemo vya sheria mbili zinazogusa kila shauri la jinai: Sheria ya Ushahidi na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Urekebu hupanga upya sheria. Haubadili maudhui yake. Kwa hiyo swali moja gumu limebaki pale lilipokuwa: mazungumzo ya simu yaliyonaswa yakiwa na sauti ya mshtakiwa mmoja, je, maneno hayo yanaweza kumtia hatiani mwenzake aliyeunganishwa naye katika hati moja ya mashtaka?

Uzito wa swali hili huonekana kwa mfano wa kubuni. Watu watatu wameshtakiwa kwa kula njama ya kusafirisha dawa za kulevya. Upande wa mashtaka una rekodi ambamo mshtakiwa wa kwanza anamwambia wa pili kwamba "mzigo" utafika Ijumaa na kwamba "Mzee" atatoa gari. Mshtakiwa wa tatu ana gari, na mtaani huitwa Mzee. Hakuwahi kuongea katika simu hiyo, wala hakujua kuwa ametajwa. Mtu huyo anaweza kuwa mshirika mkuu wa njama. Anaweza pia kuwa mwenye gari la kukodi aliyetajwa na wateja wake. Kifungo cha miaka mingi kinategemea namna mahakama itakavyoyapima maneno ambayo hakuyasema yeye.

Hatua ya kwanza ni kujua rekodi ilivyopatikana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na inaitaka mamlaka ya nchi kuweka kwa sheria utaratibu wa lini na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kunasa mawasiliano bila mamlaka halali kuwa kosa la jinai. Kwa makosa ya ugaidi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, kama ilivyotungwa, ilieleza utaratibu kwa uwazi zaidi: afisa wa polisi huomba amri ya mahakama, akiwa kwanza na ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Maombi husikilizwa bila mtuhumiwa kuitwa, jambo linaloeleweka, kwani mtu akishaambiwa kuwa simu yake itasikilizwa hatasema lolote la maana.

Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2007 yaliruhusu kupokelewa kwa rekodi za sauti, za picha na za mifumo ya mawasiliano katika mashauri ya jinai. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaongeza vigezo vya kuupima ushahidi huo: namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haukuguswa, na namna mhusika alivyotambuliwa. Sheria hizi zinasema rekodi inaweza kupokelewa. Kama ilinaswa kihalali au la, jibu linatafutwa kwingine, na hasa katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Sheria hiyo inaelekeza kuwa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria usipokelewe, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuupokea kutanufaisha umma kwa kiasi kikubwa bila kuathiri isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Maneno "mtu yeyote" yana uzito wake katika shauri la pamoja. Hayamhusu tu yule ambaye simu yake ilinaswa. Yanamgusa pia mshtakiwa wa tatu.

Tuseme rekodi imepatikana kihalali na imepokelewa kama kielelezo. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba kilichopokelewa kinawafunga washtakiwa wote kwa kiwango kilekile. Sheria ya Ushahidi ina njia mbili tofauti, na kinachozitenganisha ni wakati maneno yaliposemwa na sababu ya kusemwa kwake.

Njia ya kwanza inahusu maneno yaliyosemwa njama ikiwa inaendelea. Pakiwepo sababu za msingi za kuamini kwamba watu wawili au zaidi walikula njama, lolote lililosemwa, kuandikwa au kutendwa na mmoja wao kuhusu nia yao ya pamoja linaweza kutumika dhidi ya kila mmoja wao. Njia hii ni pana, na ndiyo maana simu iliyonaswa ni silaha kubwa kwa waendesha mashtaka. Lakini ina kizingiti mlangoni. Sababu za kuamini kwamba mshtakiwa wa tatu alikuwa ndani ya njama zinapaswa kuonekana kwanza. Kama sababu pekee ni rekodi ileile iliyomtaja, basi rekodi inajishuhudia yenyewe.

Njia ya pili ni nyembamba. Mshtakiwa wa kwanza akikamatwa, kisha akakiri na kumtaja mwenzake, au akampigia ndugu yake simu ya majuto baada ya jambo kwisha, hayo si maneno ya kuendeleza njama. Ni ungamo. Katika shauri la pamoja, mahakama inaweza kulizingatia ungamo hilo dhidi ya mwenzake, lakini sheria inakataza waziwazi mshtakiwa kutiwa hatiani kwa kutegemea ungamo la mshtakiwa mwenzake peke yake. Lazima uwepo ushahidi mwingine: shahidi aliyeona gari likipakiwa, fedha zilizopita katika akaunti, au kielelezo kilichokamatwa mikononi mwake. Taarifa za miito kutoka kampuni ya simu husaidia, ila zionekane kwa kipimo chake. Zinaonesha nani alimpigia nani na lini, hazioneshi walichozungumza.

Marekani ililipa swali hili jibu kali zaidi. Mwaka 1968, katika shauri la Bruton, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba ungamo la mshtakiwa asiyetoa ushahidi, linalomtaja mwenzake, halipaswi kusomwa mbele ya jopo la raia wanaoamua hatia, hata kama jaji atawaonya walipuuze kwa huyo mwenzake. Hoja ilikuwa ya kibinadamu: raia wa kawaida akishasikia hawezi kujifanya hakusikia. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayotaka kibali cha jaji kabla ya kunasa simu. Uingereza imechagua njia nyingine: huruhusu mawasiliano kunaswa kwa upelelezi, lakini kwa kawaida haiyaruhusu yatumike mahakamani kama ushahidi.

Tanzania haina jopo la namna hiyo. Hatia huamuliwa na hakimu au jaji anayewajibika kuandika sababu, na sababu hizo hupimwa tena kwenye rufaa. Kinga ya mshtakiwa wa tatu imo katika hukumu iliyoandikwa. Hukumu inayosema "washtakiwa wamepatikana na hatia" kwa mkupuo, bila kueleza ushahidi upi umegusa nani, imeacha kazi nusu.

Kutenganisha mashauri si suluhisho la kila mara. Sheria inaruhusu washtakiwa wa tukio moja kuunganishwa, na ipo faida ya kweli: mtaalamu wa kampuni ya simu anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hutoa ushahidi mara moja badala ya mara tatu, na mahakama mbili hazitoi majibu yanayopingana juu ya usiku mmoja. Lakini sauti ya kwenye rekodi haiwezi kuhojiwa. Mwenye sauti akiamua kukaa kimya, kama sheria inavyomruhusu, wakili wa mshtakiwa wa tatu hana wa kumuuliza "Mzee" ni nani, wala "mzigo" ulikuwa dawa za kulevya au magunia ya mpunga.

Kwa sababu hiyo, wakati muhimu zaidi kwa mshtakiwa wa tatu ni ule upande wa mashtaka unapoomba rekodi ipokelewe kama kielelezo. Hapo ndipo pingamizi hutolewa: amri iliyoruhusu kunasa iko wapi, nani alitunza kifaa kuanzia siku hiyo hadi leo, nani ameitambua sauti, na maneno hayo yanaletwa dhidi ya nani. Pingamizi lisipotolewa wakati huo, kulijenga upya kwenye rufaa ni kazi ngumu, hasa kwa mshtakiwa asiye na wakili.