Tazama kingo za sinki kabla ya rangi
Makala yenu kuhusu kaunta za Formica imekaa sana kwenye rangi. Formica ni karatasi zilizoloweshwa gundi na kushindiliwa kwa joto, unene wake mara nyingi ni kama milimita 1 tu, na maji hayaipenyi kirahisi. Kinachooza ni ubao wa maranda ulio chini yake. Kaunta yangu ya kwanza ilivimba kando ya sinki kabla ya mwaka, kwani fundi alikata tundu akaacha kingo wazi. Ya pili nilinunua kwa bei ileile, nikamsimamia fundi mpaka akapaka silikoni mzunguko mzima. Huu mwaka wa nne, haijavimba! Rangi? Nyeusi ya kung'aa huonyesha kila mkwaruzo. Chukueni kijivu chenye madoadoa. Na sufuria ya moto jamani, iwekeeni kibao.