Kibali Kikiondolewa, Nani Anaumia?



Ndugu wasomaji, ni nani kati yetu hajalalamikia kibali cha ujenzi kinachochelewa? Leo unaambiwa njoo kesho, kesho faili halionekani. Ndiyo maana tukisikia nchi fulani imepunguza masharti ya mipango miji, wengi tunashangilia. Lakini tutazame kwanza yaliyotokea England.

Mwezi Mei 2013, serikali huko iliruhusu majengo ya ofisi yageuzwe makazi bila maombi kamili ya kibali. Nia ilieleweka: nyumba zilikuwa haba, na ofisi nyingi zilikuwa tupu. Mwenye jengo alitoa taarifa, nayo halmashauri ikakagua mambo machache, kama vile barabara na hatari ya mafuriko. Udogo wa chumba au ukosefu wa dirisha haukuwa sababu ya kumkatalia.

Nyumba zilipatikana kwa maelfu. Hata hivyo, utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, kati ya nyumba za namna hiyo zilizochunguzwa, kama 22 tu katika kila 100 zilifikia kiwango cha kitaifa cha ukubwa. Kwa zilizopitia kibali kamili, zilikuwa 73. Katika mji wa Harlow, familia zisizo na makazi ziliwekwa kwenye jengo lililokuwa la ofisi. Hatimaye masharti yalirudi: mwanga wa asili mwaka 2020, kiwango cha ukubwa mwaka 2021. Marekebisho hayo hayakupanua vyumba vilivyokwisha kujengwa.

Sharti lilipoondolewa, gharama haikutoweka. Ilihamia kwa mtoto anayefanyia kazi za shule kitandani kwa kukosa nafasi ya meza. Mwenye fedha huchagua pa kuishi. Maskini hupokea anachopewa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' (2015), alisisitiza kwamba wakazi wasikilizwe miji inapopangwa.

Basi tudai vibali vitolewe haraka na bila rushwa, wala tusidai vifutwe. Mkutano wa mtaa au wa kijiji unapojadili matumizi ya ardhi, waamini tuhudhurie na tuseme. Nasi waseminari, Mungu akipenda, siku moja tutaitwa kubariki nyumba hizo. Tusingoje siku hiyo ndipo tuulize kama zina dirisha.