Baa Njema ya Wiski Haijulikani kwa Bango

Mgeni aingiapo Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, huvutwa kwanza na mabango ya mtaa wa Royal Mile, ambako baa nyingi hujisifia wiski. Lakini wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa maoni yangu, baa njema haipimwi kwa wingi wa chupa wala mng'aro wa taa, bali kwa majibu ya mhudumu wake. Mgeni na aulize maswali matatu: Wiski hii yatoka wapi? Imekaa pipani miaka mingapi? Na kipimo ni kipi?

Sheria inataka wiski ya Uskoti ikae katika mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3, na kileo chake kisipungue asilimia 40. Aidha, baa huuza kwa kipimo cha mililita 25 au 35, na haina budi kutangaza kile inachotumia. Asiyeuliza hulinganisha bei za vitu visivyolingana.

Mhudumu ajuaye kazi yake ataeleza kwa nini wiski nyingi za kisiwa cha Islay hunukia moshi: kimea cha shayiri hukaushwa kwa moto wa mboji iliyochimbwa vinamasini. Huenda akaongeza kwamba neno wiski latokana na Kigaeli, uisge beatha, yaani maji ya uhai. Asiyejua atakusukumia chupa ya bei ghali kuliko zote.

Kuuliza si ujinga. Akikosa jibu, mgeni na ainuke kabla hajafungua mkoba.