Mali Bila Daftari

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii huambiwa wenye maduka, lakini yawafaa zaidi wale waliochaguliwa kuongoza vyama. Mwenye duka hupoteza mali yake mwenyewe, bali kiongozi wa chama hupoteza mali ya watu.

Katika nchi ya Taita na Taveta jambo hili lina uzito wa pekee. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 17,000, na sehemu 62 hivi katika kila mia zimo ndani ya mbuga za wanyama za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Voi na nyanda zake hupata mvua haba. Huko milimani, pande za Wundanyi, mvua ni nzuri lakini mashamba ni madogo. Ardhi isipoweza kuongezwa, hapana budi kuongeza maarifa ya kuitumia.

Watu wa milimani walilijua jambo hili kabla ya kuwako ofisi na makarani. Walichimba mifereji ya kuleta maji mashambani, na kila mfereji ulikuwa na wenyewe. Maji yaligawiwa kwa zamu. Siku ya kuusafisha mfereji kila mwenye zamu alipaswa kufika na jembe lake. Hapakuwa na daftari, lakini hesabu ilikuwa wazi: maji yakikatika, watu waliufuata mfereji mpaka wakaona yamekatikia wapi.

Chama cha ushirika ni mfereji pia, ila fedha zake hazionekani zikipita. Mkulima wa kabeji wa Wundanyi hutegemea soko la Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 150, na kabeji haingoji. Akiwa na chama imara, huuza pamoja na wenzake na hujua bei kabla ya kuvuna. Chama kikianguka, husimama peke yake kando ya barabara na kupokea bei yo yote atakayotajiwa na mwenye lori.

Haja ya kuwafundisha viongozi ilitambuliwa zamani. Sheria ya mwaka 1945 iliwafungulia wakulima Waafrika mlango wa vyama vya ushirika, na mwaka 1952 yakaanza mafunzo ya wakaguzi wa vyama, ambayo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Ushirika cha leo. Mwaka 1961 Shule ya Jeanes, huko Kabete, iligeuzwa kuwa chuo cha utawala, ili Wakenya wajiandae kushika kazi za serikali yao.

Mwaka 1997 sheria mpya ilipunguza sana mamlaka ya serikali juu ya vyama, ikawaachia wanachama uendeshaji. Uhuru huo ulikuwa haki yao, lakini vyama vingi havikuwa vimejiandaa kuutumia. Kamati nyingine zilikopa kupita kiasi, nyingine ziliuza mali ya chama, na wanachama walipata habari wakati fedha zimekwisha kwenda. Mwaka 2004 ikabidi sheria irekebishwe na usimamizi urudishwe kwa sehemu.

Funzo lake ni kwamba uongozi ni kazi ya kujifunza, kama useremala au ukarani. Ufasaha wa maneno mkutanoni hautoshi. Kiongozi mwema hatoi fedha kwa sahihi yake peke yake. Hutoa stakabadhi hata kwa shilingi kumi. Husomesha hesabu mbele ya wote, kwa lugha waielewayo. Tena humfundisha mwingine kazi yake, ili siku akiondoka, chama kisiondoke naye.

Wanachama nao wana wajibu. Makarani wa Voi waliosoma hesabu wanaweza kuwafaa wazee wao wa milimani kuliko fedha wanazowapelekea: siku ya likizo na waketi nao, wawasomee taarifa ya chama mstari kwa mstari. Na mkutano wa mwaka utakapofika, mwanachama asione haya kusimama na kuuliza: ni kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na nani aliyetia sahihi? Kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa hivyo, kwa kuwa majibu anayo mkononi.