Kushiba ugali peke yake siyo lishe



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe maoni yangu kwa wasomaji wenzangu, hasa wazazi na wajumbe wa kamati za shule, juu ya jambo ambalo sisi walimu wa vijijini tunaliona kila siku darasani. Jambo lenyewe ni chakula cha watoto wetu.

Mkoa wetu wa Iringa siyo mkoa wa njaa. Mahindi tunavuna, maharage na viazi tunavuna, alizeti tunakamua, na siku hizi maparachichi yetu yanapelekwa hata nchi za nje. Lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa iliongoza kwa udumavu. Karibu watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotakiwa. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika kila 100. Waliotufuata kwa karibu ni Njombe na Rukwa, ambayo pia ni mikoa ya mahindi. Watoto hao ndio tunaowapokea darasa la kwanza.

Najua udumavu hauletwi na chakula peke yake. Kuhara, maji machafu na afya ya mama wakati wa ujauzito vina sehemu yake. Lakini sufuria iko mikononi mwetu wenyewe kila siku, nayo tunaweza kuirekebisha bila kungoja mfadhili.

Kuna mambo matatu katika chakula ambayo kila nyumba ingepaswa kuyahesabu: wanga, protini na mafuta. Wanga hutupa nguvu ya kufanya kazi. Protini hujenga mwili. Mafuta hutoa nguvu nyingi katika chakula kidogo, na husaidia mwili kuzitumia vitamini A, D, E na K. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Sasa tutazame sahani zetu. Ugali wa sembe na mboga ya kuchemsha ni wanga mtupu, au karibu na hapo. Mahindi yanapokobolewa, kiini chake ambacho ndicho chenye mafuta huondoka na pumba. Pumba tunawapa nguruwe, nguruwe tunamuuza, na mtoto tunampa kilichobaki.

Tuchukue mfano wa uji. Kikombe cha uji mwepesi chenye unga wa mahindi kiasi cha gramu 25 humpa mtoto kalori 90 hivi na protini gramu 2. Mafuta hayafiki hata gramu moja. Ukikoroga humo kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizosagwa, kalori zinakuwa kama maradufu, protini inafika gramu 6, na mafuta yanafika gramu 8 hivi. Kikombe ni kile kile na tumbo ni lile lile. Mtoto wa miaka miwili hawezi kunywa vikombe kumi vya uji mtupu hata akilazimishwa, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Ila karanga zichambuliwe vizuri, zenye ukungu zitupwe, maana zina sumu.

Maharage nayo yana kazi yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa kiungo kimoja kiitwacho lisini, na maharage yanacho kwa wingi. Vikipikwa pamoja kimoja hukamilisha kingine. Wazee wetu waliopika makande hawakukosea. Wanaokosea ni wale wanaopika makande ambayo punje ya maharage inatafutwa kwa tochi. Madebe mawili ya mahindi yanataka debe moja la maharage, na mafuta kidogo juu yake.

Darasani kwangu nimewaelekeza wanafunzi wa darasa la tano wapige mistari mitatu katika daftari: nguvu, jengo na mafuta. Kila jioni huandika walichokula, na kuweka alama panapostahili. Safu ya nguvu hujaa kila siku. Safu ya jengo hupata alama siku ya gulio, dagaa wanaponunuliwa. Safu ya mafuta hubaki nyeupe siku nyingi. Sikuwaambia watoto neno baya juu ya nyumba zao. Baadhi yao wenyewe walianza kuuliza kwa nini maharage yote yanauzwa.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu chakula ni mambo ya watu wa mjini wenye mizani na simu za kisasa, wanaotaka kupunguza unene. Siyo kweli. Anayekula kidogo au chakula cha aina moja ndiye mwenye haja zaidi ya kuhesabu. Vipimo tunavyo: kijiko, kikombe, konzi ya mkono na debe. Hata wasiojua kusoma wanaweza kuuliza maswali matatu kabla ya kupakua: nguvu ipo? Jengo lipo? Mafuta yapo?

Jambo linaloniuma ni michango ya chakula shuleni. Katika vijiji vingi mzazi akitoa mahindi anahesabiwa amemaliza wajibu wake. Kamati inafurahi kuona stoo imejaa magunia, na mwaka mzima watoto wanakula wanga. Ningependekeza kamati zipunguze kiasi cha mahindi na badala yake zidai maharage, pamoja na karanga au mafuta ya alizeti. Mzazi asiongezewe mzigo, bali mchango ubadilishwe.

Pia siku za afya na lishe za kijiji zisiwe za hotuba na kupima watoto tu. Mafiga yawekwe, uji wa karanga upikwe, akina mama waonje, na akina baba wawepo, kwa sababu mara nyingi baba ndiye anayeamua gunia la maharage liuzwe au libaki. Mkulima auze, hatumkatazi, lakini atenge kwanza ya watoto wake.

Mwaka 1975 taifa letu liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakakaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitia saini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa. Mikataba hiyo ni mizuri, lakini haiwezi kuingia jikoni kwetu kukoroga uji. Kazi hiyo ni yetu, na msimu huu wa mavuno kila kamati ya shule ingeweza kuianza kwa kuandika neno maharage katika orodha ya michango.

Mwalimu wa Kijijini,
Mufindi, Iringa.